Dondoo muhimu: Ukivuta tela, linda giaboksi ya otomatiki

Ukipanda mlima mkali kama Kitonga na tela nyuma, giaboksi inaweza kuchemka huku geji ya injini ikionyesha hali ya kawaida. Fanya hivi:

• Funga geji ya joto la oili ya giaboksi. Ikikaribia nyuzi 120 za Selsiasi, punguza mwendo mapema.
• Gia zikipanda na kushuka ovyo kwenye D, shusha hadi 3 au 2.
• Kwenye mwinuko wa vumbi na mawe, tumia gia nzito.
• Giaboksi ikichemka, egesha, weka P, vuta hendibreki, zuia matairi kwa mawe. Usizime injini; oili izunguke ipoe.
• Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ibadilishe.
• Ukivuta mara kwa mara, ongeza kipoza oili mbele ya rejeta.