Precision au Jazz: besi ipi kwa kwaya na rumba?

SWALI: Napiga besi kwenye kwaya ya kanisa hapa Bujumbura, na Jumamosi napiga rumba na bendi ya Buyenzi. Nimeoneshwa Fender mbili zilizotumika, Precision na Jazz, bei moja. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua Jazz, ndugu yangu, mradi mkono wako uikubali.

Precision ilitoka 1951, na tangu 1957 sumaku yake ya kunasa sauti imegawanywa vipande viwili. Mlio wake ni mnene, haumezwi na ngoma wala kinanda. Kwa kwaya inatosha kabisa. Lakini besi ya rumba ya Kikongo haibebi uzito tu: inaruka, inanyamaza, inajibizana na gita la solo sebene ikichanganya. Hapo kila noti lazima isikike inapoanzia. Jazz, ya 1960, ina sumaku mbili. Pandisha ile ya karibu na daraja upate mlio mkavu, wenye ncha. Shingo yake pia ni nyembamba kule juu, kama milimita 38. Kasoro yake ni kwamba sumaku moja ikifunguliwa peke yake huvuma. Zifungue zote sawasawa, mvumo unakufa.



Zijaribu zote mbili kwenye amplifaya ileile, na uangalie nyuzi. Nyuzi kuukuu huifanya hata Jazz nzuri isikike butu.