Kumbukumbu na Hofu ya Mtihani

Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekesha akirudia kusoma daftari lake huingia katika chumba cha mtihani akiamini kwamba anayajua yote. Swali humkabili, jibu lisije. Ndipo hofu humshika. Walimu wengine humlaumu kwa uvivu, nao humwonea.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maandishi mafupi ya sayansi. Kundi moja liliyasoma katika vipindi vinne. Jingine liliyasoma katika kipindi kimoja tu, kisha likajaribu mara tatu kuyaandika pasipo kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja walikumbuka asilimia 40, na wenzao 61. La ajabu ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi.

Maandishi yaliyosomwa mara nyingi huzoeleka machoni, na mazoea hayo hudhaniwa kuwa maarifa. Basi mwanafunzi na afunge daftari, aieleze kwa maandishi, tuseme, sheria ya Ohm, kisha afungue na kujisahihisha. Kesho kutwa ajaribu tena. Usiku alale, kwani ubongo huimarisha kumbukumbu wakati wa usingizi, na anayekesha hujinyima kazi hiyo.