Ng'e wa Angani na Ng'e wa Gazetini

Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Tanga na begi la nguo chafu na mpango mmoja tu: kulala. Sikulala. Dada yangu alikuwa amechumbiwa, posa imepokelewa, mahari imeshatajwa, halafu shangazi akaja na habari kutoka kwa mnajimu. Dada kazaliwa tarehe 2 Agosti, kwa hiyo ni Simba. Kijana kazaliwa 10 Novemba, kwa hiyo ni Ng'e. Eti Simba na Ng'e wakikaa nyumba moja, mmoja atatoka kwa jeneza. Mambo yakasimama. Mama akanigeukia: "Wewe si unasoma Fizikia huko chuo? Haya, zungumza na shangazi yako."

Wanachuo wenzangu, nawaletea hapa nilichomweleza, pamoja na mahali nilipojikwaa, maana mabishano haya nayasikia hata hosteli na wengi tunajikwaa palepale.

Tuanze na lugha. Neno "nyota" tumelibebesha mizigo mingi. Nyota ni ile inayowaka angani. Nyota ni bahati ya mtu, na wapo wanaolipa pesa ili isafishwe. Nyota ni ile safu ya gazetini. Hata "falaki", neno ambalo wengine hulitumia kwa elimu ya anga, ndilo lililomo katika "kupiga falaki", yaani kubashiri. Kwa hiyo nitatumia maneno mawili: kundinyota kwa kile kilichoko angani, na buruji kwa kile cha mnajimu.

Kundinyota ni eneo la anga. Mwaka 1922 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubaliana kuwa makundinyota ni 88, na mipaka yake, iliyochorwa na Mbelgiji Eugène Delporte, ikachapishwa mwaka 1930. Ni kama mipaka ya wilaya: kila nyota lazima iangukie wilaya fulani, na wilaya hazilingani ukubwa. Nyota za wilaya moja wala si majirani. Mchukue Simba huyo huyo. Denebola, nyota ya mkiani, iko umbali wa miaka ya nuru 36 hivi kutoka kwetu. Regulus, ya kifuani, iko kama 79. Tunawaona pamoja kwa sababu ya mahali tulipokaa sisi, basi.

Buruji ni kitu kingine kabisa. Wababeli, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, waliigawa njia ya Jua vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja digrii 30, wakavipa majina ya makundinyota yaliyokuwa karibu. Baadaye Ptolemy, aliyeishi Aleksandria katika karne ya 2, akashikilia hesabu inayoanzia ile siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Hapo ndipo anapoanzia Punda (ambaye kwa asili ni kondoo dume, Hamali kwa Kiarabu, lakini magazeti yetu yamempa masikio marefu). Buruji za magharibi, ambazo ndizo za magazeti yetu, hadi leo zinahesabiwa hivyo. Kwa maneno mengine, buruji ni kipande cha kalenda.

Sasa, kalenda na nyota zimeachana. Dunia inapozunguka inayumba polepole, kama pia inayokaribia kuanguka. Mwezi na Jua vinaivuta pale ilipotuna, kwenye Ikweta, kitambi ambacho sisi watu wa huku ndio tunakikalia. Mwyumbo mmoja kamili unachukua takribani miaka 26,000, sawa na digrii moja kila miaka 72. Ni kidogo sana kwa maisha ya mtu, lakini tangu enzi za Ptolemy zimepita digrii kama 26, karibu buruji nzima. Ile siku ya Machi inayoitwa mwanzo wa Punda, Jua siku hizi liko kwenye kundinyota la Samaki.

Tukirudi kwa wachumba wetu: tarehe 2 Agosti Jua liko kwenye Kaa, si Simba. Tarehe 10 Novemba liko kwenye Mizani. Kwa Ng'e halisi Jua hupita wiki moja tu hivi, kuanzia 23 Novemba, kisha linaingia kwa Mshika Nyoka, kundinyota la 13 kwenye njia yake ambalo magazetini halimo, na kukaa humo siku kama 18. Kwenye Mashuke linakaa takribani siku 45.

Usiku ule wa Agosti umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilimtoa shangazi uani nikamwonyesha Ng'e mwenyewe, mkia umejikunja juu ya minazi, ile nyota nyekundu ya Antares kifuani. Nikamwambia, shangazi, mwezi wa Novemba huyu humwoni vizuri, yuko upande wa Jua. Na huyo mkwe wako Jua halikuwa kwake alipozaliwa.

Nilijiona nimeshinda. Shangazi akaangalia juu muda mrefu, akauliza: "Basi Kaa na Mizani wanapatana?"

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kumbe kwa kusahihisha tarehe nilikuwa nimekubali mchezo wenyewe. Na mnajimu aliyesoma atakujibu kirahisi: sisi tunahesabu majira, hatuhesabu nyota. Wa India wao huhesabu kwa nyota, ndiyo maana buruji zao zinapishana na za magharibi kwa digrii kama 24. Mtu mmoja, buruji mbili, tabia mbili! Swali lenye uzito ni kama kuna chochote kinachotabirika. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati ya kuzaliwa ya mtu na maelezo matatu ya tabia, wachague lipi ni lake. Walipatia kama mara moja katika tatu, kiwango kile kile ambacho mimi na wewe tungepata kwa kufumba macho.

Nikamweleza hayo. Akanyamaza. Kisha akasema kitu ambacho mnajimu hakukitaja: kijana anafanya kazi Geita, na yeye shangazi aliwahi kuolewa mbali, akaugua miezi minne bila ndugu hata mmoja wa kumchemshia uji.

Nikamwita dada. Tukavuta mkeka, tukazungumza habari za Geita mpaka umeme ukarudi.