Kumtambua Nyoka Mla-mayai kwa Ngozi Aliyojivua

Miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa nadra yumo nyoka mla-mayai, ambaye jina lake la kitaalamu ni Dasypeltis scabra. Nyoka huyu hana sumu, na meno yake ni madogo mno. Hulimeza yai zima. Miiba ya uti wa mgongo iliyochomoza ndani ya koo hulipasua ganda, kisha nyoka hulitapika ganda hilo.

Hata hivyo, anafanana sana na Causus rhombeatus, nyoka mwenye sumu wa jamaa ya kifutu. Wote wawili huwa na mabaka meusi mgongoni na alama ya V kichwani au shingoni. Je, mwalimu aliyeletewa nyoka wa namna hii atamtambuaje?

Watu wengi husema kwamba nyoka mwenye mboni ya wima ana sumu, na mwenye mboni ya duara hana. Kanuni hii ni ya hatari. Mla-mayai asiye na sumu ana mboni ya wima, ilhali Causus rhombeatus ana mboni ya duara. Swila na koboko pia wana mboni za duara.

Njia iliyo salama zaidi ni kuichunguza ngozi ambayo nyoka amejivua, baada ya kutolewa kwa koleo ndefu. Fuata hatua hizi:

1. Tazama magamba ya juu ya kichwa. Yakiwa madogo na mengi, huyo si mla-mayai. Huenda akawa kifutu au Echis, ambao ni hatari sana. Yakiwa mapana na machache, endelea.

2. Tazama kati ya tundu la pua na jicho. Kwa mla-mayai, gamba la pua hugusana na gamba lililo mbele ya jicho. Kwa Causus, kuna gamba jingine katikati yao.

3. Hesabu magamba mapana ya tumbo, kutoka shingoni hadi kwenye tundu la haja. Mla-mayai huwa na 180 au zaidi. Causus rhombeatus huwa na chini ya 170.

4. Tazama ubavuni. Magamba ya mla-mayai yamelala mshazari na yana meno kama ya msumeno. Akitishwa, huyasugua na kutoa mlio mkali, kama afanyavyo Echis.

Dalili moja pekee haitoshi. Sharti zote zikubaliane. Hadi hapo, nyoka huyo ahesabiwe kuwa ana sumu, wala asishikwe na mwanafunzi yeyote.

Swali la kujadili darasani: Nyoka asiye na sumu anapata faida gani kwa kufanana na mwenye sumu, na faida hiyo ingekuwaje iwapo nyoka wenye sumu wangetoweka mahali hapo?