Dondoo muhimu: Dago la kipupwe ufukoni

Juni hadi Agosti, kusi linapokaza, wavuvi hupiga dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi, pwani ya Mtwara, wengine kwa wiki nyingi mfululizo. Kulala ufukoni muda mrefu hivyo kunahitaji maandalizi.

Kwanza, ruhusa. Tangu mwaka 2000 Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari. Anayekwenda Msimbati, ndani ya hifadhi hiyo, aanzie serikali ya kijiji, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) na ofisi ya hifadhi. Miti ya kibanda itoke nyumbani, maana mikoko haikatwi.

Maji ndiyo yanayovunja madago mengi. Watu 10 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa siku, kunywa na kupika tu, humaliza lita 350 kwa wiki: madumu 18 ya lita 20. Ya kisima yachemshwe, hata yakionekana meupe.

Kibanda kilipe kusi mgongo, mlango uangalie upande wa pili. Kabla ya kuchimbia nguzo, tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti juu mchangani: hapo ndipo bamvua lilipofika. Wakati wa bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo jenga juu zaidi ya mstari huo.

Usiku wa kipupwe una baridi na umande. Blanketi na nguo kavu zifungwe ndani ya nailoni. Chandarua kisisahaulike, hasa karibu na mikoko. Choo kichimbwe mbali na kisima, siku ileile ya kufika.