Kumsoma Mbwa kwa Mbali: Mwongozo kwa Watu wa Kidichi na Mashamba ya Jirani

Njia za Kidichi zina wapitaji wengi asubuhi: wanafunzi wa skuli, wachumaji karafuu, watembezaji wageni kwenye mashamba ya viungo, na bodaboda zinazoteremka Bububu. Mbwa nao wamo. Wengine wana wenyewe, wamewekwa walinde nazi na karafuu. Wengine hawana, wanaishi kwa majaa na makombo. Mtu akikutana na mmoja wao uso kwa uso, aghalabu hutimua mbio au huinama kuokota jiwe. Yote mawili humpa mbwa sababu ya kuuma.

Makala haya hayamtaki msomaji ampende mbwa wala amguse. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Unguja, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Sheria hiyo hiyo imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na kusini mwa Unguja wasasi wameingia msituni na mbwa wao kwa vizazi. Kwa kuwa tunaishi naye, inatufaa kumjua, na karibu kila anachosema mbwa kinasomeka ukiwa umesimama mbali naye.

Mbwa wetu ni wa namna gani

Wengi wao ni mbwa koko: wembamba, manyoya mafupi, rangi ya mchanga, nyeusi au mabaka, masikio yaliyosimama au yaliyopinda ncha, na mkia unaojikunja kwa juu. Wako wanaodhani umbo hilo ni la mbwa wa kizungu aliyechakaa. Sivyo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2009, uliochunguza mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kuwa Afrika ina mbwa wa asili, wazao wa mbwa walioingia barani zamani sana, ingawa sehemu nyingine wamechanganyika na mbwa wa kigeni. Mbwa wa namna hii hakuchaguliwa umbo na mfugaji. Joto, maradhi na uhaba wa chakula ndivyo vilivyoamua nani aishi na azae. Manyoya mafupi na mwili mwembamba humsaidia kupoza damu, kwa sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Tezi zake za jasho zimo zaidi kwenye nyayo. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kutweta, mdomo wazi na ulimi nje. Kwa hiyo mbwa anayetweta mchana wa jua kali hana wazimu. Ana joto. Hali yake ya kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, juu kidogo ya yetu, na kwa hali hiyo hana homa.

Mbwa mzima ana meno 42, pamoja na chonge nne ndefu za kushikia. Mtoto wake huzaliwa macho yamefumba, huyafumbua baada ya wiki mbili hivi, na kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili ndipo anapojifunza nani ni rafiki na nani ni adui. Kijibwa kilichopigwa mawe katika wiki hizo hukua kikimwogopa binadamu, na mbwa mwoga ndiye mwepesi wa kuuma.

Pua, sikio na jicho

Pua ndiyo inayomwongoza mbwa. Sisi tuna vipokezi vya harufu milioni tano au sita. Yeye anavyo zaidi ya milioni 200. Anaponusa shina la mnazi kwa muda mrefu anapata habari: nani amepita, dume au jike, amepita lini. Akiinua mguu na kukojoa hapo, ameacha habari yake. Akiparura ardhi baada ya kujisaidia, anaongeza alama nyingine ya harufu, kwani nyayo zake zina tezi.

Sikio lake hupata sauti nyembamba mno, mpaka mitetemo 45,000 kwa sekunde, wakati sisi tunakomea 20,000 hivi. Rangi anazozibagua vizuri ni buluu na manjano. Nyekundu kwake ni kama kahawia iliyofifia. Usiku ana faida juu yetu: nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, na ndio unaong'aa kijani au manjano ukimmulika kwa tochi. Mng'ao huo haumaanishi ukali, wala hauna uhusiano na ushirikina.

Mkia, masikio na mdomo

Watu wengi wamefundishwa kuwa mbwa anayetikisa mkia amefurahi. Kutikisa mkia ni dalili ya msisimko tu, na msisimko una namna nyingi. Tazama mwili mzima:

- Mkia uko usawa wa mgongo au chini kidogo, unapepea kwa upana, na kiuno kinayumba nao: hana ubaya.
- Mkia umesimama wima, unatikisika kwa haraka na kwa ufupi, mwili umekakamaa: anatafakari kushambulia.
- Ameufyata mkia, masikio yamelala nyuma, mgongo umeinama: anaogopa. Mpe njia. Akibanwa pembeni atauma.
- Manyoya ya mgongo yamesimama: amesisimka, kwa hofu au kwa hasira. Usisogee.
- Anajilamba midomo ovyo, anapiga miayo bila usingizi, anageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana: ana wasiwasi, anaomba nafasi.
- Ameinamisha kifua chini, makalio juu: anaita kucheza. Ishara hii mara nyingi huwa kwa mbwa mwenzake.

Kuunguruma ni onyo, na onyo lina faida. Mbwa anayepigwa kila akiunguruma hujifunza kunyamaza, na siku nyingine huuma bila kutangulia kusema.

Adhana, daku na kelele za usiku

Spika ya msikiti ikianza adhana, mara nyingine mbwa mmoja huinua kichwa akalia sauti ndefu, na wenzake mashambani wakamjibu. Mbwa ni wa ukoo wa mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambao huitana kwa sauti ndefu wakiwa mbali mbali. Sauti yoyote inayovutwa, iwe ya adhana, king'ora cha gari la wagonjwa au honi ndefu ya meli, inaweza kuamsha mwito huo. Mwenye kusoma audhu asikiapo mbwa usiku na aendelee na dhikiri yake. Kumrushia mbwa jiwe ndiko kusikosaidia.

Kubweka kuna sababu zake. Wapiga ngoma za daku hubwekewa kwa kuwa wanapita saa ambayo mbwa wa zamu hakuzoea watu. Mbweko mmoja mmoja, wenye nafasi katikati, ni wa kuuliza. Mfululizo mzito wa karibu karibu ni wa kufukuza. Mbwa wa asili wa Kongo anayejulikana kama basenji habweki sana, hutoa sauti ya kuimbaimba, kwa hiyo ukimya wa mbwa peke yake usikupe imani.

Tabia zinazoshangaza

Mbwa huzungukazunguka kabla ya kulala, pengine kwa mazoea ya kale ya kulaza majani na kutazama pande zote. Huchimba shimo chini ya mkarafuu ili alalie udongo wa baridi. Hula majani, na mara nyingi hana ugonjwa wowote. Akiyatapika kila siku, hapo ana tatizo la tumbo. Akijikuna mpaka anyonyoke manyoya, ana ukurutu, kupe au viroboto.

Hukimbiza bodaboda na baskeli kwa kuwa kinachokimbia humwamsha silika ya kuwinda. Dereva anayerusha teke humfundisha kuwa pikipiki ni adui. Punguza mwendo, nenda moja kwa moja, usimtazame. Kikiisha cha kukimbiza, huacha.

Ukikutana naye njiani

1. Simama. Usikimbie, usipige kelele.
2. Mikono ibaki ubavuni. Mgeuzie bega, tazama chini kidogo. Kumkodolea macho ni kumchokoza.
3. Rudi nyuma polepole, au msubiri apite.
4. Akikujia, weka kitu kati yenu: kikapu, mkoba, baskeli, jamvi.
5. Ukianguka, jikunje, shika shingo na funika masikio kwa mikono.
6. Usimguse mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa, au jike mwenye watoto.

Wafundisheni watoto kanuni hizi nyumbani na chuoni. Kimo cha mtoto kinaweka uso wake karibu na mdomo wa mbwa. Watembezaji wageni nao wawazuie wageni kutupa chakula: mbwa aliyezoea kulishwa humfuata kila anayepita na kumdai.

Akikuuma au kukukwaruza

Hofu kubwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu 59,000 kila mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo, chanjo huzuia.

Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake manjano, pilipili, mafuta ya karafuu, chumvi wala mafuta ya taa. Udongo usitiwe kwenye kidonda kibichi. Muulize shekhe namna ya kukamilisha tahara bila kudhuru jeraha. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, na umalize sindano zote utakazopangiwa.

Mbwa anayejulikana mwenyewe asiuawe kwa hasira. Afungwe na aangaliwe kwa siku 10: akibaki mzima muda wote huo, hakuwa anaambukiza alipouma. Wewe usisubiri siku hizo ziishe ndipo utafute tiba.

Kazi ya mwenye mbwa na ya mtaa

Mpe maji na kivuli, mchanje kila mwaka, mhasi kama hutaki watoto, na usimwachie azurure usiku. Pemba imeonyesha faida ya chanjo: kampeni za kisiwa kizima zilizoanza 2010 zilimaliza kichaa cha mbwa kufikia Mei 2014. Chanjo ikalegezwa, ugonjwa ukaingia tena mwishoni mwa 2016, na ukamalizwa mara ya pili Oktoba 2018 baada ya chanjo kurejeshwa. Ili ugonjwa ukatike, wanahitajika kuchanjwa mbwa saba katika kila kumi. Kuwaua ovyo hakuleti matokeo hayo, kwani nafasi zao hujazwa na wapya wasiochanjwa.

Mtilie shaka mbwa aliyebadilika ghafla: mkali aliyekuwa mpole, au mwitu anayeingia uani mchana bila woga, mate yanamtoka, taya limelegea, sauti imebadilika, anayumba, anauma vijiti na mawe. Usimfuate wala usijaribu kumkamata. Waondoe watoto, kisha mjulishe sheha au daktari wa mifugo, ukitaja rangi yake, mahali na saa uliyomwona.