Somo la Sita: Gari la Dizeli Linapokosa Nguvu

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji anatarajiwa aweze:
(a) kumweleza fundi dalili za gari lake kwa ukamilifu;
(b) kufuata mpangilio wa ukaguzi unaoanzia kwenye mambo ya gharama ndogo; na
(c) kudai haki yake pale ambapo chanzo cha hitilafu ni mafuta au kipuri alichouziwa.

Utangulizi

Tuchukulie mfano wa mfanyabiashara anayenunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipeleka Iringa mjini kwa pikapu ya dizeli yenye tabo. Kwa miaka kadhaa gari hilo limekuwa likipanda mlima Kitonga kwa gia ya tatu. Siku moja likaanza kudai gia ya pili, na baada ya wiki mbili likawa halipandi ila kwa gia ya kwanza, huku likitoa moshi mweusi na malori yakipiga honi nyuma yake. Fundi wa kwanza alisikiliza injini kwa dakika chache akasema: "Pampu imekufa." Mfanyabiashara akatoa sehemu kubwa ya mtaji wake, pampu ikabadilishwa, na safari iliyofuata gari likapanda kwa gia ile ile ya kwanza. Fundi wa pili ndiye aliyegundua kwamba mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye tabo ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Pampu ya awali ilikuwa nzima. Lakini ilikuwa imeachwa gereji, na haikupatikana tena.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, ila makosa yaliyomo si mageni kwa wamiliki wa magari ya kazi. Mfanyabiashara huyo hakupata hasara kwa sababu gari lilikuwa bovu sana, bali kwa sababu alinunua kipuri kabla ya kupata uthibitisho. Somo hili linahusu uthibitisho huo: unavyopatikana, na mpangilio wa kuutafuta.

1. Nguvu ya injini ya dizeli hutoka wapi

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ipate joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa kupitia nozeli na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo nguvu hutegemea mambo manne: hewa ya kutosha kuingia, mafuta safi ya kutosha kufika kwa wakati wake, silinda zinazobana vizuri, na moshi kupata njia ya kutoka bila kizuizi. Jambo lolote kati ya hayo likipungua, nguvu hupungua. Pampu ni sehemu moja tu ya jambo moja kati ya manne.

2. Kabla ya kulaumu injini

Kuna nyakati ambapo injini ni nzima, lakini nguvu yake haifiki barabarani. Mtumiaji anashauriwa kuanza na mambo yafuatayo, ambayo mengi hayana gharama:

Breki. Breki inayoshika hulifanya gari liwe zito. Baada ya mwendo mfupi usio na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, breki ya gurudumu hilo ikaguliwe.

Klachi. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda wakati mwendo hauongezeki, na pakawa na harufu ya kuungua, klachi inateleza. Hapo injini haina kosa.

Pedali ya mafuta. Katika magari ya zamani yanayotumia waya, mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho na mwingine aangalie kwenye injini kama mkono wa pampu umefika mwisho wake. Waya uliolegea, au zulia lililokunjamana chini ya pedali, hutosha kupunguza nguvu.

Upepo wa matairi na mzigo. Linganisha mzigo wa leo na ule wa siku ambazo gari lilipanda vizuri.

Mwinuko. Uzito wa hewa hupungua kwa takribani asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda. Injini isiyo na tabo, kama ile ya 1HZ ya Land Cruiser yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ikitoka Dar es Salaam na kufika Mbeya kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake. Huko si kuharibika. Mmiliki asiyelijua jambo hili anaweza kulipia matengenezo ya gari zima.

3. Soma moshi

Moshi hutoa ushahidi bila malipo. Gari likiwa na injini yenye joto la kawaida na likipanda mlima, mtu aliye nyuma aangalie rangi ya moshi unaotoka.

Moshi mweusi mwingi: mafuta yapo lakini hewa haitoshi kuyachoma yote. Shuku chujio la hewa, mipira ya tabo, tabo yenyewe, au nozeli zinazodondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza.

Nguvu ndogo bila moshi wowote: mafuta hayafiki ya kutosha. Shuku filta ya dizeli, mabomba yanayofyonza hewa, au uchafu ndani ya tangi.

Moshi mweupe injini ikiwa tayari imepata joto: mafuta hayawaki ipasavyo, au maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Kama maji ya rejeta yanapungua, simamisha gari na usiendelee na safari.

Moshi wa bluu: oili ya injini inaungua. Hitilafu inaweza kuwa kwenye tabo, ringi au vali.

Ukikumbuka jambo moja tu katika sehemu hii, liwe hili: moshi mweusi ni hewa pungufu, kukosa moshi ni mafuta pungufu. Mfanyabiashara wetu alikuwa na moshi mweusi. Angeuzingatia, ukaguzi ungeanzia kwenye njia ya hewa.

4. Mpangilio wa ukaguzi

Hatua ya kwanza: njia ya hewa. Toa chujio la hewa na ulitazame ukilielekeza kwenye mwanga. Likiwa halipitishi mwanga, badilisha. Kulipuliza kwa kompresa yenye nguvu kubwa kunaweza kulitoboa, na vumbi likapita hadi kwenye silinda. Kwa gari lenye tabo, kagua kila mpira na kila klipu hadi upande wa chini, huku ukiubonyeza mpira kwa mkono injini ikiwa imezimwa na imepoa. Mkwaruzo wenye ukungu wa oili ni alama ya mahali hewa inapovujia.

Hatua ya pili: njia ya mafuta. Fungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli na kukinga mafuta kwenye chupa safi inayopitisha mwanga. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji yatatuama chini baada ya muda mfupi. Badilisha filta kama muda wake umefika. Fungua pia mfuniko wa tangi mara baada ya nguvu kupungua. Ukisikia sauti ya hewa ikivutwa kuingia ndani, tundu la kupumulia la tangi limeziba, na gari linaweza kupata nguvu hapo hapo.

Katika injini za zamani, fundi anaweza kuunganisha kwa muda mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu. Mapovu yakionekana, mabomba yanafyonza hewa mahali fulani. Anaweza pia kuilisha injini kutoka kwenye dumu safi la dizeli badala ya tangi. Nguvu ikirudi, kosa liko kati ya tangi na pampu, nayo pampu imeondolewa lawama kwa gharama ya lita chache za mafuta.

Hatua ya tatu: kusoma kompyuta. Magari ya karibuni hutumia mfumo wa komoni reli, na taa ya injini ikiwaka, kompyuta inaweza kupunguza nguvu kwa makusudi ili kuilinda injini. Mashine ya gereji husoma kodi ya hitilafu. Hata hivyo, kodi hueleza dalili. Haitaji kipuri cha kununua. Kodi ya msukumo mdogo wa mafuta inaweza kutokana na filta iliyoziba, vali ya kudhibiti mafuta kwenye pampu, nozeli zinazorudisha mafuta kupita kiasi, au pampu yenyewe. Mwombe fundi akueleze alivyoziondoa sababu nyingine kabla hajafika kwenye ile ya gharama kubwa.

TAHADHARI: Usilegeze bomba lolote la mafuta la mfumo huu injini ikiwa inazunguka. Msukumo wake huzidi bar 1,000, na mafuta yanayochuruzika yanaweza kupenya ngozi na kusababisha jeraha la hatari hata kama tundu lake halionekani. Aliyepatwa na ajali hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Hatua ya nne: vipimo vya gereji. Hatua zilizotangulia zisipotoa jibu, ndipo kipimwe kibano cha kila silinda, zikaguliwe vali na njia ya moshi, na nozeli na pampu zipelekwe kwa fundi mwenye benchi la kupimia. Pampu ihukumiwe kwa kipimo kilichoandikwa, isihukumiwe kwa sauti ya injini peke yake.

5. Kama chanzo ni mafuta

Nguvu ikipungua ghafla muda mfupi baada ya kujaza mafuta, shuku mafuta hayo. Nchi yetu imewahi kusumbuliwa sana na uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi zaidi, hutoa nguvu kidogo kwa kila lita, na hayalainishi pampu kama dizeli. Uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ulianza mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikichochea udanganyifu huo. Mtumiaji aelewe kwamba maji huonekana kwa jicho, lakini mchanganyiko wa mafuta ya taa huthibitishwa na maabara.

Ukishuku mafuta, fanya haya:

• Simamisha gari. Kuendelea kuliendesha huongeza madhara na kudhoofisha madai yako.
• Tunza risiti ya kielektroniki inayoonyesha kituo, tarehe, saa na lita. Anayenunua mafuta ya madumu kando ya barabara hana risiti, na kwa hiyo hana mahali pa kuanzia.
• Fundi akimwaga mafuta kutoka kwenye tangi, yahifadhiwe kwenye chombo safi kilichofungwa, mbele ya shahidi, na tarehe iandikwe.
• Mjulishe msimamizi wa kituo, kisha toa taarifa EWURA siku hiyo hiyo. Taarifa inayochelewa hupoteza nguvu, kwa kuwa shehena inayolalamikiwa huuzwa ikaisha.

Ni haki pia kutomhukumu mwenye kituo mapema. Maji kwenye tangi yanaweza kutokana na mfuniko usiofunga vizuri au na gari kulazwa mara kwa mara likiwa na mafuta kidogo.

6. Mbele ya fundi

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mweleze fundi tatizo lilianza lini, ghafla au taratibu, moshi ni wa rangi gani, hujitokeza mlimani tu au hata tambarare, na ni matengenezo gani yaliyofanyika karibuni. Kisha udai mambo manne: maelezo ya maandishi ya hitilafu iliyoonekana, makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza, risiti ya kila kipuri, na kurudishiwa kipuri cha zamani. Kipuri hicho ni mali yako, na ndicho ushahidi pekee kwamba kilikuwa kibovu.

Ukiuziwa filta au nozeli bandia kwa jina la halisi, wasilisha malalamiko kwenye Tume ya Ushindani, yaani FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara. Malalamiko kuhusu pampu ya kituo isiyotoa lita kamili hupelekwa kwa Wakala wa Vipimo.

Muhtasari

Anza na yasiyo na gharama: breki, klachi, pedali, mzigo, mwinuko. Soma moshi. Kagua hewa, kisha mafuta, kisha kompyuta, na mwisho pampu na nozeli kwa kipimo. Tunza risiti na vipuri vya zamani.

Maswali ya kujipima

1. Gari halina nguvu na halitoi moshi hata mlimani. Ni njia ipi inayopaswa kukaguliwa kwanza, na kwa nini?
2. Kwa nini kodi ya kompyuta haitoshi kuwa sababu ya kununua pampu mpya?
3. Mfanyabiashara wa vitunguu angefanya mambo gani mawili ili mtaji wake usipotee?
4. Chunguza risiti yako ya mwisho ya mafuta. Iko wapi sasa, na inaonyesha nini?